Wifi anataka kumchukua mwanangu kwa sababu ya pumu

BARUA

Mama Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 31, naishi Tandale na mume wangu na watoto watatu. Tumepanga vyumba viwili kwenye nyumba ya wapangaji sita. Mtoto wa pili ana miaka 8 na ana pumu tangu akiwa na miaka mitatu. Nakuandikia wewe kwa sababu hapa nyumbani kila mtu ana upande wake.

Mwaka huu amelazwa mara mbili. Mara ya mwisho ilikuwa masika, maji yaliingia ndani, na ukuta wa chumba cha watoto una ukungu mweusi mpaka leo. Kila kulazwa kulitutoa kama 60,000 pamoja na bajaji za usiku. Daktari aliandika pampu mbili, ya bluu na ya kahawia. Ya bluu nanunua 8,000, inaisha kwa mwezi. Ya kahawia ni 15,000, alisema avute mara mbili asubuhi na mara mbili jioni hata akiwa mzima. Niliinunua mara mbili, nikaona hakohoi, hela nikaipeleka kwenye twisheni ya mkubwa wake. Jirani naye aliniambia mtoto akizoea pampu haachi tena.

Kazi yangu ni maandazi na chapati. Naamka saa tisa na nusu usiku, nakaanga mpaka saa moja kasoro. Jiko la mkaa naliweka koridoni, mlangoni kwetu, maana uani hakuna taa na mvua ikija naloa. Mume wangu anapuliza rangi magari gereji, kazi inakuja na kukatika. Daktari aliniambia, "Mama, moshi huo ndio unammaliza mtoto." Sikumjibu, ila niliumia. Moshi huo ndio unaonunua hizo pampu.

Sasa wifi yangu, dada mkubwa wa mume, anaishi Mbezi Beach. Ana kazi nzuri, nyumba yake, AC, msichana wa kazi na bima. Sitaki kumsema vibaya, hana ubaya na mimi. Alikuja wodini akamkuta mtoto ana mipira ya oksijeni puani, akalia. Wiki mbili baadaye akaita kikao cha familia. Anataka mtoto ahamie kwake, asome huko, aingie kwenye bima, apumue hewa safi. Mume wangu anaona ni bahati, anasema shangazi si mtu baki. Mama mkwe hivyo hivyo. Lakini wifi alisema neno ambalo halinitoki: "Mapafu ya mtoto hayajui kama unampenda. Yanajua analala wapi."

Nasikia watoto wa maskini mapafu yao huwa madogo. Mwanangu alizaliwa na kilo 2.1, na mimba yake niliibeba nikipikia kuni kwa mama mkwe. Ina maana nimemharibu mwenyewe? Nikikataa, halafu akabanwa usiku tukakosa usafiri, nitamwambia nini baba yake? Nikikubali, atarudi kweli? Wifi hana mtoto wa kiume. Anataka jibu mwisho wa mwezi.

Mama wa Tandale

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa usiku wote huo wa bajaji.

Kwenye barua yako naona maswali mawili yamefungwa kitambaa kimoja. Kuna la mtoto alale wapi, na kuna la kama lile neno la wifi ni kweli. La pili ndilo linalokukosesha usingizi, na usipolitatua utalijibu la kwanza ukiwa na aibu. Kwa hiyo tuanze nalo.

Kuna ukweli ndani yake. Mapafu hukua tangu tumboni hadi mtu anapofika miaka ishirini na kitu, na mtoto aliyezaliwa chini ya kilo 2.5, au ambaye mama yake alivuta moshi mwingi wa kuni akiwa mjamzito, mara nyingi huanza na njia za hewa nyembamba kidogo. Uliyoyasikia kuhusu umaskini nayo yamepimwa. Uingereza, ambako hospitali haimtozi mtoto senti, watafiti waliwafuatilia watoto wenye ugonjwa wa kurithi unaojaza ute mzito mapafuni, sistiki faibrosisi, wakatoa matokeo mwaka 2013. Wale wa mitaa ya watu wa hali ya chini walikuwa na uzito mdogo na mapafu dhaifu kuliko wa mitaa ya wenye nafasi, ingawa baadhi ya matibabu, kama antibayotiki za mshipani na lishe ya nyongeza, wao ndio walikuwa wanayapata zaidi. Ugonjwa huo si wa mwanao. Nimeutaja kwa sababu unaonyesha kuwa dawa ya bure peke yake haizibi pengo lote, nyumba nayo ina sehemu yake.

Ila "kuanza na njia nyembamba" na "kuharibika" ni vitu viwili. Mtoto wa miaka 8 ana zaidi ya miaka kumi ya kukua mbele yake. Kuni zile hukuzichagua, ulipikia jiko ulilolikuta kwa mama mkwe. Zishike kama taarifa ya kumpa daktari kliniki.

Sasa niulize: hela ya wifi ingefanya kitu gani hasa kwenye kifua cha mtoto? Wewe, mumeo na wifi mnaijibu kama vile jibu ni hewa ya Mbezi. Mimi nimesoma barua yako nikasimama kwenye ile pampu ya kahawia.

Pampu ya bluu, salbutamoli, hulegeza misuli iliyobana njia za hewa kwa saa chache. Uvimbe ulioko ndani ya njia hizo haiugusi. Ya kahawia, beklometasoni, ndiyo hutuliza uvimbe, polepole, kwa siku na wiki. Ulipoona hakohoi ukaacha, ulikuwa unaona kazi ya dawa ukadhani ni kupona. Baada ya wiki kadhaa uvimbe hurudi. Kuhusu jirani, pampu hailevyi. Mtoto anaitumia tena kwa sababu ugonjwa haujatulizwa. Miongozo ya kimataifa ya pumu inasema mgonjwa anayemaliza pampu 3 za bluu au zaidi kwa mwaka yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kushikwa vibaya. Wako anamaliza 12.

Tupige hesabu kwa bei zako. Bluu 12 kwa 8,000 ni 96,000. Kulazwa mara mbili ni 120,000. Jumla 216,000, bila siku ulizokosa kukaanga. Pampu ya kahawia ya midonoo 200 (mdonoo ni kubonyeza mara moja), akivuta 4 kwa siku, inakwenda siku 50. Kwa mwaka ni pampu 8, yaani 120,000. Pumu ikitulia bluu hushuka hadi moja au mbili, tuseme 16,000. Jumla 136,000. Umaskini umekufanya ununue njia iliyo ghali, kwa sababu 15,000 kwa mkupuo ni mlima na 8,000 wakati mtoto anahema haina mjadala. Faida ya wifi kubwa kuliko AC ni kwamba yeye angenunua pampu ya pili kabla ya ya kwanza kuisha.

Ya kahawia ikigawanywa kwa siku 50 ni 300 kwa siku, andazi moja na nusu kama unauza 200. Kopo la kibubu lisilochanganywa na hela ya unga linaweza kufanya kazi hiyo. Andika tarehe ya kuanza kwa kalamu kwenye pampu yenyewe, uhesabu siku 50. Ukiitikisa utasikia kimiminika na itaendelea kupuliza gesi hata dawa ikiwa imekwisha, kwa hiyo usiamini sauti. Baada ya kuvuta ya kahawia asukutue na kutema, la sivyo atapata utando mweupe mdomoni.

Jambo jingine: bluu ya midonoo 200 kuisha kwa mwezi ni midonoo 6 hadi 7 kila siku. Ama mtoto anabanwa kuliko ulivyoniandikia, ama nusu ya dawa inaishia ulimini na kooni. Hukutaja chupa, ile inayokaa kati ya pampu na mdomo, nami nadhani anaipuliza moja kwa moja mdomoni. Mtoto wa umri huo ni nadra sana aweze. Cape Town walilinganisha chupa ya plastiki ya mililita 500 na kifaa cha dukani kwa watoto waliobanwa, na matokeo ya mwaka 1999 yalionyesha chupa iliyozibwa vizuri inafanya kazi sawa na kifaa hicho. Kikombe cha povu ndicho kilichoshindwa.

Chukua chupa ngumu ya maji ya nusu lita. Weka mdomo wa pampu kwenye kitako chake, uuchore kwa kalamu. Pinda waya ufuate umbo hilo, uupashe moto, utoboe ukiwa nje na mtoto akiwa mbali, plastiki ikiungua inatoa moshi mbaya. Tundu libane pampu, pembeni uzibe kwa gundi na uache siku nzima iishe harufu. Osha kwa maji na sabuni ya vyombo, itundike ikauke yenyewe. Usiisugue kwa kitambaa, maana plastiki iliyosuguliwa inanasa chembe za dawa kama inavyonasa nywele. Kuvuta ni hivi: tikisa pampu, mtoto afunge midomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja tu, apumue taratibu ndani na nje mara 6 bila kutoa mdomo. Subiri nusu dakika, tikisa tena, ndipo ya pili. Wengi hubonyeza mbili kwa pamoja, matone yanagongana na kuganda kwenye kuta za chupa.

Akibanwa mpe bluu midonoo 4 kwa mtindo huo, subiri dakika chache, rudia. Kama mizunguko miwili haijamfungua, ondokeni, na njiani uendelee kumpa. Ukiona hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani, midomo imebadilika rangi au amelegea, usingoje hata mzunguko wa pili. Mweleweshane sasa na dereva wa bajaji wa jirani, mchana, awe anajua atapigiwa.

Nirudi kwenye moshi. Daktari alikuwa sahihi kuhusu moshi, ila maneno yake hayakukuachia pa kusimama. Mkaa hutoa moshi mwingi wakati wa kuwasha. Ukiuwasha mbali na milango hadi makaa yawe mekundu bila moshi, umepunguza sehemu kubwa, lakini hewa ya sumu ya mkaa haina rangi wala harufu na korido inaikusanya. Kinachokurudisha koridoni ni giza na mvua, si mapenzi yako. Taa ya kuchaji na kipande cha turubai uani, kwa makubaliano na wapangaji wenzako, huenda vikagharimu chini ya kulazwa mara moja. Mlango wa chumba cha watoto ukae umefungwa na kitambaa kibichi chini yake mpaka umalize.

Gesi je? Jiko likiwaka kwa nguvu hula karibu gramu 150 hadi 200 kwa saa. Mtungi wa kilo 6 utakupa saa 30 hadi 40. Wewe unakaanga saa tatu na ushee, kwa hiyo ni siku tisa hadi kumi na mbili hivi. Linganisha bei ya kujaza na mkaa wa siku hizo hizo kabla hujaamua. Na ujue mafuta yakipata moto sana nayo yanatoa mvuke unaowasha kifua, gesi au mkaa. Karai likitoa moshi, punguza moto.

Mumeo umempitia kwa sentensi moja tu. Rangi za magari zinazochanganywa na kigumishi huwa na isosayaneti, kemikali inayojulikana sana kwa kusababisha pumu kwa mafundi. Ovaroli ibaki gereji au ivuliwe uani, aoge kabla ya kumbeba mtoto. Ukungu usugue kwa maji ya sabuni mtoto akiwa shule, kitanda kisogee mbali na ukuta ule. Kupaka rangi juu ya ukungu bila kuziba maji yanapopita ni kupoteza rangi. Mende nao, kama wapo (nyumba ya wapangaji sita na unga wa ngano, sijui watakosaje), wasipulizwe dawa. Weka chambo kwenye vifuniko vya chupa, pale mikono ya watoto isipofika. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1997 ulionyesha watoto wa mitaa ya maskini wenye mzio wa mende na wanaolala na mende wengi walilazwa kwa pumu zaidi ya mara tatu ya wenzao.

Sasa nyumba ya wifi, na hapa nakuomba uitazame kama ulivyoitazama yako. Ana zulia? Mapazia mazito, makochi ya kitambaa? Kwa unyevu wa Dar, humo ndimo wadudu wa vumbi wanapozaliana. Chujio la AC huoshwa lini? Anachoma udi Ijumaa, au dawa ya mbu ya mzunguko inayochomwa usiku? Moshi wa udi ni moshi. Wifi akienda kazini, pampu anaishika nani, na msichana wa kazi anajua kuhesabu pumzi 6? Nyumba yake huenda ikapita kwenye haya yote. Mpaka sasa hakuna aliyeyauliza.

Bima nayo isisemwe kwa mdomo tu. Bima za ajira kwa kawaida huandikisha mwenza, wazazi, na watoto wa mwanachama wa kuzaa au aliowaasili kisheria. Mtoto wa kaka huenda asiingie. Kumwandikisha kama wake ni udanganyifu unaoweza kuwaponza wote, na kumuasili ni jambo jingine kabisa, ambalo sidhani kikao kilikusudia. Kuna mlango mwingine pia: hospitali za rufaa za mkoa, Mwananyamala, Amana na Temeke, zina maofisa ustawi wa jamii wanaosikiliza wasioweza kulipa. Nenda mchana, na barua ya serikali ya mtaa, kabla ya dharura. Huko huko mweleze daktari kama kikohozi kimewahi kupita wiki mbili mfululizo au uzito umeshuka, ili kifua kikuu kiangaliwe. Dawa zake ni bure.

Njia ulizonazo naziona hivi. Akihama moja kwa moja, unapata uhakika wa chakula, shule na dawa kama wifi ataifuata, na unahatarisha mtoto kuona kwamba aliondolewa kwa sababu ya kuumwa, huku mkubwa na mdogo wake wakibaki. Akibaki bila kitu kubadilika, masika ijayo unaijua. Katikati kuna mengi. Anaweza kukaa kwa wifi miezi ya mvua kubwa na kurudi, japo shule itasumbua na pampu mbili zitahitaji mikono miwili inayofanana. Au wifi achukue pampu ya kahawia kama mchango wake, moja kila siku 50, mtoto akiwa kwako. Hatari ya hiyo unaijua kuliko mimi: masimango, na siku mkikosana dawa inakatika. Ndiyo maana kibubu kisivunjwe hata akikubali.

Kwa wifi usiende na "ndiyo" wala "hapana". Mwambie, mume wako akiwepo: "Wifi, umeona kitu cha kweli. Kabla hatujamhamisha nataka tumpe miezi mitatu ya pampu ya kahawia kila siku, kwa chupa, tuandike anavyoendelea. Utanisaidia?" Daftari liwe na safu tatu: usiku aliokohoa, midonoo ya bluu, siku alizokosa shule. Miezi mitatu inatosha daktari kuona kama dawa inashika. Wifi akikataa kusubiri hata hiyo, utakuwa umejua jambo fulani kuhusu ombi lake. Akikubali, umejua jingine.

Na neno moja. Umenieleza anachosema daktari, jirani, wifi, mumeo na mama mkwe. Mtoto mwenyewe hukumnukuu hata mara moja. Miaka 8 hawezi kuamua, ila anaweza kuulizwa. Muulize mchana, siku ambayo kifua kimetulia na anacheza. Usimuulize usiku wa kukohoa, maana usiku huo atakubali kwenda popote.